Upendo Wenye Zamu



Yapata mwaka wa tatu sasa tangu nianze kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na katika muda wote huo hakuna swali nililoulizwa mara nyingi kama hili: "Baba Paroko, matibabu yataisha lini?" Naulizwa mlangoni mwa kanisa baada ya Misa, naulizwa sokoni, naulizwa hata msibani. Mnauliza kwa upendo, nami kwa kawaida hutabasamu na kujibu, "Tuzidi kuombeana." Lakini swali la upendo linastahili jibu kamili, hasa kwa kuwa ninajua wamo katika parokia yetu wengine wanaoulizwa swali hilohilo, nao hawana mahali pa kuandika jibu lao. Kwa sababu hiyo juma hili nimeona niwaandikie kwa kirefu kidogo.

Jibu ni kwamba hayaishi. Kusafishwa damu siyo dozi ambayo mtu huimaliza kama anavyomaliza dawa ya malaria. Shinikizo la juu la damu, ambalo kwa miaka mingi lilifanya kazi yake kimyakimya bila kuniuma popote, liliziua figo zangu zote mbili. Mashine haiziponyi. Inafanya sehemu tu ya kazi yake, leo, na keshokutwa nitarudi tena. Nikiacha, siyo miaka itakayopita kabla ya Mungu kuniita, bali siku au majuma machache. Hali hiyo huendelea hadi mtu apandikizwe figo ya mtu mwingine, au hadi mwisho wa safari yake hapa duniani.

Sisi tuliozaliwa chini ya milima ya Uluguru tuna njia nyepesi ya kuielewa figo. Mvua inayoletwa na pepo za bahari hupigwa na milima yetu na kushuka. Msitu huipokea, huichuja, kisha huiachia polepole, nayo huja bondeni ikiwa maji safi ya mito. Mto Ruvu huzaliwa huko, na sehemu kubwa ya maji yanayonywewa Dar es Salaam ni ya mto huo. Figo ni msitu wa mwili. Ziko mbili, kila moja kadiri ya ngumi, na kwa siku moja huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji kutoka katika damu, zikarudisha karibu yote mwilini na kutoa nje lita moja au mbili tu pamoja na taka. Msitu ukikatwa, mlima hauachi kutoa maji, bali hutoa tope. Figo zikifa, damu nayo haiachi kuzunguka. Huzunguka na sumu yake.

Wiki moja ina saa 168, na figo nzima hufanya kazi saa hizo zote bila kupumzika hata Dominika. Mashine hunisafisha saa nne mara tatu kwa wiki, yaani saa 12 tu. Saa zote zinazobaki, mgonjwa hana budi kuulinda mwili wake kwa mdomo wake mwenyewe, kwa kile anachokula na kile anachokunywa.

Hapo ndipo penye msalaba wa kila siku. Morogoro tunaitwa mji kasoro bahari, maana yake kila kitu kipo isipokuwa bahari. Mimi katika mji huu wenye mito ninaruhusiwa takriban nusu lita ya kinywaji kwa siku. Chai huhesabiwa, uji huhesabiwa, supu huhesabiwa, hata juisi ya chungwa huhesabiwa, kwa kuwa maji yakizidi hayana pa kutokea. Huvimbisha miguu, hupanda hadi mapafuni, na mtu anaweza kuzama akiwa kitandani mwake. Ninacho kikombe kimoja kidogo cha bati, nami ninajua ni mara ngapi ninaweza kukijaza tangu asubuhi hadi usiku. Wakati wa joto la Januari na Februari huweka kipande cha barafu mdomoni, nikakiacha kiyeyuke polepole kama mtoto na pipi.

Na bado, juu ya kiti cha hospitali, mtu huyo mwenye kiu huoshwa kwa maji mengi kuliko anayoweza kuyawaza. Sindano mbili nene huchomwa mkononi. Kwa moja damu hutoka, hupita ndani ya chujio lenye maelfu ya nyuzi nyembamba zenye uwazi ndani, na kwa ile ya pili hurudi mwilini. Nje ya nyuzi hizo hupita maji yaliyosafishwa sana na kuchanganywa na chumvi kwa vipimo, ambayo huzivuta taka kutoka katika damu. Kwa saa nne mgonjwa mmoja hutumia kiasi cha lita 120 za maji hayo. Miezi ya mwanzo nilisafishwa Dar es Salaam, mbali na nyumbani, na nilikuwa nikitazama mipira ile nikiwaza kwamba huenda maji haya yalinyesha Matombo au Kinole, yakashuka Ruvu, yakaja kunitafuta mtoto wa mlimani huku nilikolala. Wazo hilo lilinifariji kuliko vitabu vingi.

Chakula nacho kina sheria zake. Ndizi, machungwa, maharage, viazi, maji ya dafu, karibu yote ambayo milima yetu hutoa kwa ukarimu, yana madini ya potasiamu, na potasiamu ikilundikana katika damu inaweza kuusimamisha moyo ghafla. Mnaponiletea mikungu ya ndizi kutoka Kinole katika matoleo, ninaipokea kwa mikono miwili na shukrani ya kweli, kisha wanaila wengine. Mama mmoja wa WAWATA, Mungu amjalie, alikwenda kumwuliza mtaalamu wa lishe, akajifunza kumenya viazi, kuvikata vidogovidogo, kuvichemsha kwa maji mengi, kumwaga maji yale, na kuvichemsha tena kwa maji mapya, ili sehemu ya potasiamu iondoke. Ladha nayo huondoka. Lakini anayepika hivyo kila Jumatano kwa mwaka wa pili sasa ametia katika sufuria kitu kingine.

Wengine mmeuliza kuhusu mkono wangu wa kushoto. Daktari wa upasuaji aliunganisha mshipa unaopeleka damu na mshipa unaoirudisha, ili mshipa huo upanuke na kukaza, uweze kuchomwa sindano mara kwa mara. Kitaalamu huitwa fistula, nanyi msiichanganye na ile fistula ya uzazi mnayoisikia redioni. Ukiweka kiganja juu yake utasikia damu ikinguruma chini ya ngozi. Mkono huo haupimwi presha, haubebi ndoo, na mtu haulalii. Ndiyo maana watoto wa ubatizo nawapakata kwa mkono wa kulia tu, na ndiyo maana Padre msaidizi ndiye anayepanda vigango vya mlimani nilivyokuwa nikivipanda kwa miguu.

Historia ya tiba hii ina fundisho ambalo nimelitafakari sana nikiwa katika kiti kile. Mashine ya kwanza iliyofanya kazi kwa binadamu ilitengenezwa na daktari Mholanzi, Willem Kolff, katika mji mdogo wa Kampen, mwaka 1943, nchi yake ikiwa imekaliwa na majeshi ya Wanazi. Hakuwa na vifaa. Alitumia utando wa kufungia soseji kuwa chujio lake. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walifariki dunia. Mwaka 1945 ndipo alipookoka mama mmoja wa miaka 67, ambaye wananchi wenzake walimchukia kwa kuwa alishirikiana na maadui. Kolff alimtibu hivyohivyo. Hakuuliza kama anastahili.

Lakini mashine ya Kolff ilimsaidia tu yule ambaye figo zake zingeamka zenyewe baada ya siku chache. Kwa mtu kama mimi haikufaa kitu, kwa sababu kila mara ya kumsafisha mgonjwa ilibidi mishipa yake ikatwe upya, na punde mishipa ikaisha. Mwaka 1960, katika mji wa Seattle nchini Marekani, daktari Belding Scribner na wenzake walitengeneza kimrija cha plastiki kilichobaki mkononi mwa mgonjwa, ili aunganishwe na mashine leo na aunganishwe tena wiki ijayo. Mgonjwa wao wa kwanza, Clyde Shields, aliishi zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1966 madaktari wa New York, Michael Brescia na James Cimino pamoja na wenzao, walitangaza ile njia ya kuunganisha mishipa ambayo ndiyo ninayoibeba mkononi. Brescia alitumia sehemu kubwa ya maisha yake yaliyofuata katika Hospitali ya Calvary, hospitali ya Kikatoliki inayowatunza walio karibu kufa.

Tazameni basi, wapendwa. Ufundi wa kuisafisha damu ulikuwepo tangu 1943. Kilichokosekana kwa miaka 17 ni njia ya kurudi. Mgonjwa wa figo haokolewi na tendo moja kubwa, huokolewa na tendo dogo linalorudiwa.

Seattle ilikutana pia na jaribu ambalo nasi tunalo. Viti vilikuwa vichache na wagonjwa wengi, hivyo iliundwa kamati ya watu saba wa kawaida, akiwemo mchungaji, mwanasheria, mama wa nyumbani na mfanyakazi wa benki, ili ichague nani apate kiti na nani aachwe afe. Waliangalia kama mtu ana mke na watoto, ana kipato gani, anakwenda kanisani au haendi. Habari hiyo ilipochapishwa mwaka 1962, wengi walishtuka. Miaka kumi baadaye, mwaka 1972, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwalipia karibu wagonjwa wote wa figo.

Kwetu Tanzania hatujaunda kamati ya namna hiyo, na tumshukuru Mungu kwa hatua tulizopiga. Zamani mgonjwa wa Morogoro alilazimika kuhamia Dar es Salaam. Siku hizi huduma imesogezwa katika hospitali za rufaa za mikoa kadhaa. Upandikizaji wa figo wa kwanza nchini ulifanyika Muhimbili mnamo Novemba 2017 kwa msaada wa madaktari kutoka India, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kazi hiyohiyo kwa ushirikiano na Wajapani. Hata hivyo kamati ipo, ingawa haina wajumbe. Inakaa ndani ya mfuko wa mgonjwa. Chukueni kwa mfano laki mbili kwa kila mzunguko mmoja. Mara tatu kwa wiki, wiki 52, ni mizunguko 156. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 31 kwa mwaka, kabla hujahesabu nauli, sindano za kuongeza damu, na siku za kazi zilizopotea.

Nilikuwa na jirani katika chumba kile. Sitataja jina lake wala kijiji chake. Alikuwa mkulima wa mboga kutoka mlimani, mtu wa maneno machache, ambaye alianza safari yake gizani kwa bodaboda hadi barabara ya lami, kisha kwa gari. Alipougua, watu wake walifanya harambee, na ilikuwa harambee nzuri. Ilimtunza kwa miezi miwili na ziada. Baada ya hapo mara tatu zikawa mbili. Ndugu waliwaza kuuza shamba, lakini kama mjuavyo, kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, mtu mmoja hawezi kuamka na kuiuza, wala hata ukoo hauwezi kula shamba la watoto ambao hawajazaliwa. Mara mbili zikawa moja. Siku ya mwisho niliyomwona alikuwa amevimba uso, akaniambia, "Padre, nimewachosha." Hakusema amechoka yeye. Juma lililofuata kiti chake kilikaliwa na mtu mwingine.

Alizikwa vizuri. Ndani ya siku mbili palipatikana jeneza, lori, turubai, chakula cha mamia ya watu, na bado kikabaki cha kumpa mjane. Nasema hili bila kumlaumu yeyote, maana waliotoa msibani ni walewale waliotoa katika harambee, nao ni watu maskini waliotoa kwa machozi. Tatizo halikuwa ugumu wa mioyo. Tatizo ni kwamba tumerithi namna ya kupendana iliyoumbwa kwa ajili ya mambo yanayotokea mara moja: arusi, ubatizo, moto wa nyumba, kifo. Tunajua kunyanyua kwa pamoja, kwa nguvu moja, kisha kila mtu akarudi shambani kwake. Ugonjwa huu haunyanyuliwi mara moja. Umetukuta hatuna mila yake.

Injili inayo picha mbili za jambo hili, nazo zimekaa mbalimbali. Katika Marko sura ya pili wako wanaume wanne waliombeba rafiki yao aliyepooza, wakapanda naye darini, wakalifungua paa na kumshusha mbele ya Yesu. Hiyo ndiyo harambee, na Bwana aliisifu imani yao kwa kumponya mwenzao. Lakini katika Yohane sura ya tano yuko mtu mwingine, aliyelala kando ya birika la Bethzatha akiwa mgonjwa kwa miaka 38. Yesu alipomwuliza kama anataka kupona, yeye hakueleza ugonjwa wake. Alieleza kwamba hana mtu wa kumtia birikani wakati maji yanapotibuliwa, na kwamba kila akijikokota, mwingine humtangulia. Yamkini miaka ya kwanza alikuwa na wabebaji. Nani alaze godoro lake kando ya maji kwa miaka 38, akingoja saa isiyojulikana? Mtu yule hakukosa watu wa kumbeba siku moja. Alikosa mtu wa zamu.

Hapa napenda nijibu swali zito ambalo baadhi yenu mmenijia nalo faraghani: je, mgonjwa akisema basi, hataki tena mashine, amejiua? Kanisa halifundishi hivyo. Papa Pius XII, akizungumza na madaktari mwezi Novemba 1957, alieleza kwamba mtu anawajibika kuuhifadhi uhai wake kwa njia za kawaida, wala hafungwi na zile ambazo ni mzigo uliopita kiasi kwake au kwa wengine. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2278, inafuata njia hiyohiyo: tiba ambayo uzito wake umezidi faida yake yaweza kuachwa, siyo kwa kukitafuta kifo, bali kwa kukubali kwamba hatuwezi kukizuia. Mgonjwa mwenyewe ndiye mwenye kuamua, akiwa na akili zake na ushauri mwema. Nimekaa kitandani pa watu walioamua hivyo baada ya miaka mingi, wazee waliokwisha kutengeneza mambo yao na Mungu na ndugu, nikawapa Mpako Mtakatifu na Komunyo ya mwisho, nao walikufa kwa amani.

Lakini sharti tuwe waangalifu. Mtu anaposema mwili wake hauwezi tena, tumsikilize. Mtu anaposema amewachosha wenzake, huyo hajasema juu ya tiba, amesema juu yetu. Mafundisho ya Kanisa yanamruhusu mgonjwa kuuweka chini mzigo uliomshinda. Hayaturuhusu sisi kumwachia mzigo hadi umshinde, kisha tukaita hayo mapenzi ya Mungu.

Kuna jambo la kwangu binafsi ambalo baadhi yenu mmelisikia nusunusu, na ni heri mlisikie lote. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, amejitolea kunipa figo yake moja. Alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Mjomba, mimi ni wako." Yeyote aliyelelewa katika desturi zetu anajua uzito wa maneno hayo. Kwetu mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake. Na mimi kwake ni mjomba na ni padre. Ndugu wa ukoo wameshakutana na kubariki. Ila mimi bado sijasema ndiyo.

Sababu siyo woga wala siyo kukataa wema. Kanisa linasifu zawadi hii. Papa Yohane Paulo II aliitaja katika waraka wake juu ya Injili ya Uhai mwaka 1995, na mwezi Agosti mwaka 2000 aliwaambia wataalamu wa upandikizaji waliokutana Roma kwamba kutoa kiungo ni tendo la upendo, na kwamba kukiuza ni kumgeuza mwanadamu bidhaa. Katekisimu, namba 2296, inadai mtoaji aridhie waziwazi. Ninachotaka kukijua ni kama kijana yule ameridhia au ametii. Vitu hivyo viwili vinaweza kuvaa maneno mamoja. Hivyo nimemwomba apande treni aende Dar es Salaam bila mimi, apimwe, akae na madaktari peke yake, aulize maswali yote ambayo hawezi kuyauliza mbele ya mjomba, na nimemwahidi kwamba akirudi na jibu la hapana, hakuna kikao cha ukoo kitakachomwuliza sababu. Bado sijui atarudi na jibu gani. Mniombee nilipokee lolote kwa moyo uleule, na mmwombee yeye zaidi.

Wapendwa, sikuandika haya ili mnichangie. Mimi ninayo bima, ninayo nyumba, na nina katekista anayenipeleka na kijana wa bodaboda anayeningoja bila kuhesabu saa. Paroko akiugua, daftari la zamu hujaa upesi. Mwawaza nini juu ya yule ambaye si paroko? Ninawaomba kila Jumuiya Ndogondogo katika parokia yetu ifanye mambo machache, tena madogo.

Kwanza, mjue ni nani kati yenu anayesafishwa damu, na siku zake ni zipi. Pili, pawe na daftari. Msiandike fedha tu. Andikeni nani atamsindikiza Jumatatu, nani atapika Jumatano, nani atakwenda shambani kwake Ijumaa kwa kuwa siku hiyo hawezi kusimama. Kila mtu apewe zamu ndogo anayoweza kuishika kwa mwaka mzima, maana mia tano ya kila juma inayotoka kwa kaya arobaini bila kukoma humpa mgonjwa kitu ambacho harambee ya milioni haimpi, nacho ni uhakika wa juma lijalo. Tatu, mjiunge na bima mkiwa wazima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Ulizeni, jiandikisheni, msisubiri kuvimba miguu. Nne, mpimwe presha na sukari, kwa kuwa hayo mawili yanaongoza katika kuua figo, nayo huua bila kupiga hodi. Na dawa za maumivu za kununua dukani msizimeze kila siku kama karanga. Nyingine huumiza figo, na dawa za mizizi zisizo na kipimo vilevile.

Mwisho, msimwulize mgonjwa wa figo atapona lini. Mwulizeni zamu yake ijayo ni lini. Swali hilo la pili analo jibu lake, na akilijibu, nanyi mtakuwa mmejua siku ya kumfikia.

Nawatakieni Dominika njema. Mimi nitakuwa kitini keshokutwa asubuhi kama kawaida, na kwa saa nne nitakuwa na nafasi ya kutosha kuwaombea mmoja mmoja kwa majina. Wenye nia maalumu waziandike na kuziacha ofisini kwa katekista kabla ya Jumatatu jioni.

Mungu Mwenyezi awabariki: Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.

Ni mimi, Paroko wenu.